Usiweke Kidole Kabla Hujasomewa

(Muziki wa kufungua, kisha ushuke)

Leo tunazungumza na familia ambayo mtu wao ameumizwa vibaya barabarani.

Chukua mfano huu. Baba amepanda bodaboda kwenda sokoni. Lori linawagonga, mguu wake unavunjika. Mama anakimbia hospitali na mtoto mgongoni. Siku ya tatu anakuja mtu mpole, ameshika mkate, soda na shilingi 10,000. Anasema: "Pole sana mama. Tuyamalize kindugu. Weka tu kidole hapa." Nyumbani unga umeisha. Karatasi imeandikwa kwa Kiingereza. Mama anaweka kidole.

Miezi 6 baadaye baba bado anatembea na magongo, na karatasi ile inasema familia imelipwa yote na haitadai tena.

Ndugu yangu, kupatana ni kuzuri, na wazee wetu wana kazi yao. Lakini siku ya tatu hata daktari hawezi kukuambia mguu utaponaje. Utauzaje kitu ambacho hujajua bei yake? Anayetaka kukusaidia leo, asaidie bila karatasi. Na mgonjwa aliyelala hajitambui, asishikwe kidole na mtu yeyote kutiwa wino.

Sasa sikiliza mambo ya kufanya.

Kwanza, polisi. Ajali iandikwe kituoni, nawe uondoke na namba ya OB. Mgonjwa hawezi kwenda? Nenda wewe, mke, kaka au jirani aliyeona. Baadaye omba abstrakti, yaani karatasi ya polisi yenye namba ya gari, mwenye gari na kampuni ya bima. Sheria ya Kenya inataka kila gari la barabarani liwe na bima ya kuwalipa watu linaowaumiza. Kwa hiyo hata kama dereva hana kitu, usikate tamaa.

Pili, fomu ya P3. Polisi huitoa bure, daktari anajaza jeraha lilivyo. Bila hiyo, utapata shida kuonyesha uliumia kiasi gani.

Tatu, hospitali. Weka kila karatasi: kadi ya matibabu, picha ya eksirei, risiti ya dawa, hata ya nauli. Zitie ndani ya mfuko wa plastiki, mvua isizikute. Piga picha kwa simu, umtumie ndugu mmoja unayemwamini.

Nne, majina. Hapa wengi wetu tunaanguka. Kwenye kadi ya ukimbizi umeandikwa hivi, hospitalini vile, polisi vingine kabisa. Onyesha kadi yako kila mahali, waandike herufi kwa herufi. Kosa likitokea, omba lirekebishwe siku hiyohiyo.

Tano, muda. Kesi ya kudai fidia ya jeraha hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu ajali. Kama gari ni la serikali, ni miezi 12 tu. Aliyeumia kazini amwarifu mwajiri mapema, kwa maandishi, na dai lake lisipite miezi 12.

Utaniuliza: "Mimi mkimbizi, nitamshtaki nani katika nchi ya watu?" Unaweza. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 16, unakupa haki ya kufika mahakamani. Na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Kenya ya 2016 inamtaja mkimbizi miongoni mwa wanaoweza kupewa msaada huo. Waone mawakili wa msaada wa kisheria walio kambini, uende na karatasi zako. Jihadhari na broka anayezunguka vitandani akiahidi mamilioni na kuomba umwachie karatasi halisi. Mpe nakala, halisi ibaki kwako.

Jambo la mwisho. Kama aliyelazwa ndiye huchukua chakula cha familia, nenda mapema uombe mtu mwingine aandikishwe kuchukua kwa niaba yake. Njaa ndiyo inayowafanya watu waweke kidole.

Msomee jirani asiyejua kusoma karatasi hii. Kwa wote walio hospitalini, ugueni pole. Tukutane wiki ijayo.

(Muziki wa kufunga)