Nani Apange Mkutano, Nani Aidhinishe Nauli

Katika vyama vinavyoongozwa kwa kujitolea, kupanga mkutano na kugharimia safari huhesabiwa kuwa kazi mbili, ilhali ni mamlaka moja, kwa kuwa anayechagua mahali na tarehe ya kikao huwa ameshaamua nani atafika na nani atabaki nyumbani. Mkoa wa Simiyu nchini Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2012, unalidhihirisha jambo hilo. Wakulima wake wa pamba wamejiunga katika vyama vya msingi vya ushirika wa mazao, yaani AMCOS, ambavyo viongozi wake wa kuchaguliwa hawalipwi mshahara. Wajumbe wa vyama hivyo wanapoitwa mjini Bariadi, anayeishi kata ya Somanda, mjini humo, hufika bila gharama kubwa, lakini mwenzake wa wilaya ya Meatu hana budi kulipa nauli na pengine kulala ugenini. Asipowezeshwa, hoja za wakulima waliomtuma hazisikiki, hata kama akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayohalalisha kikao, imetimia.

Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 inautambua Mkutano Mkuu wa wanachama kuwa mamlaka ya juu ya chama. Mkutano huo ndio unaopitisha makisio, yaani mpango wa mapato na matumizi ya mwaka. Bodi ya chama husimamia utekelezaji. Na shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, COASCO, lililoundwa mwaka 1982, hukagua hesabu. Mgawanyo huo unafaa kuigwa na kikundi chochote cha kujitolea, kiwe cha maji, cha afya au cha kuweka na kukopa.

Kwa msingi huo, wanachama wenyewe wapitishe kalenda ya vikao, fungu la safari, na viwango vya nauli na posho ya kujikimu, ambayo ni fedha ya chakula na malazi safarini. Kalenda nayo ifuate kilimo, kwa sababu kikao kinachoitishwa wakati wa kupanda humlazimisha mkulima kuchagua kati ya shamba na chama. Viongozi waandae ajenda na kupendekeza wajumbe kwa kuzingatia hoja zitakazojadiliwa, lakini asiwepo anayeidhinisha safari yake mwenyewe. Mweka hazina atoe masurufu, yaani fedha za kutumia kabla ya kutolewa hesabu, na msafiri ayarejeshe kwa stakabadhi pamoja na taarifa ya maandishi.

Ugumu hutokea mfadhili anapolipia safari na kumtaja mtu anayemtaka, kwani mjumbe huyo huanza kuwajibika kwa aliyemlipia. Mwaliko upokelewe na chama, nacho kiteue mwakilishi wake. Aidha, pale ambapo uongozi hauna mshahara, posho hugeuka kwa urahisi kuwa malipo yaliyofichwa, na mikutano huongezeka bila kazi kuongezeka. Ni heri wanachama waamue kwa uwazi kumpa kiongozi kifuta jasho kuliko kumtafutia safari.

Ni kweli kwamba Mkutano Mkuu hauwezi kuitwa kila inapozuka dharura. Hata hivyo, fungu dogo lenye ukomo, linalotolewa taarifa katika kikao kinachofuata, linatosha kwa hali hiyo. Kila mwanachama anapaswa kudai, kabla ya kupitisha makisio, aonyeshwe waliosafiri mwaka uliopita, aliyewaidhinisha, na walichokileta.