Sadaka ya Marehemu na Mtoto Mwenye Saratani

Anapofariki mzazi au mtoto, wengi wetu hutaka kutoa kitu ambacho thawabu zake zitamfikia marehemu. Jambo hili lina asili katika Sunna. Saad bin Ubada (r.a.) alifiwa na mama yake wakati yeye hayupo, akamuuliza Mtume (s.a.w.) iwapo sadaka itamfaa. Alipojibiwa kuwa itamfaa, alitoa bustani yake, kama alivyopokea Imamu Bukhari. Hapa tunaeleza namna sadaka ya aina hii inavyoweza kuifikia familia ya Ufipa inayouguza mtoto mwenye saratani.

Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam, kwa njia ya Tunduma na Mbeya, ni zaidi ya kilomita 1,000. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, shirika la Tumaini la Maisha huwasaidia watoto hawa kupata matibabu bila malipo, na familia zao mahali pa kulala. Lakini dawa ya bure humfaa aliyefika. Tena saratani ya damu inayowapata zaidi watoto hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu. Mama yuko Dar es Salaam, shamba la mahindi halina mtu, wadogo wa mgonjwa wako kwa bibi. Nauli ya kurudi kliniki ikikosekana, matibabu hukatika na ugonjwa hurudi.

Je, zaka yafaa hapa? Familia ikiwa fakiri au maskini, haina mjadala. Na hata isipokuwa hivyo, yumo Ibn Sabiil. Abu Hanifa na Malik wamemhusisha na aliyekwama ugenini. Kwa Mashafii, kama alivyobainisha Imamu Nawawi katika Minhaj, anaingia pia anayeanza safari kutoka mji wake, maadamu ni mhitaji na safari yake si ya maasi. Basi imamu wa Sumbawanga anaweza kumpa mzazi zaka kabla hajapanda basi, na hilo linaafikiana na kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu kwamba zaka isihamishwe kutoka mji wake. Ila akabidhiwe mkononi. Zaka haijengi hosteli.

Anayetaka kumkumbuka marehemu kwa jambo la kudumu aelekee kwenye wakfu. Nyumba ya kupangisha mjini Sumbawanga, ambayo kodi yake inalipa nauli za wagonjwa mwaka hadi mwaka, inafuata mfano wa ardhi ya Umar (r.a.) ya Khaybar: haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi.

Hapa tuseme wazi, kwani makosa ni mengi. Marehemu asipousia, mali aliyoiacha ni ya warithi, na fungu la yatima haliguswi kwa jina la sadaka, wala kwa pilau ya hitima. Akiusia, wasia kwa wasiorithi hauvuki theluthi ila warithi waliobaleghe waridhie katika mafungu yao.

Ufipa ina Wakristo wengi, na mtoto wa jirani naye huugua. Zaka, kwa kauli ya jumhuri, hapewi asiye Mwislamu. Sadaka ya hiari anapewa, na mtoaji wakfu anaweza kumweka katika sharti lake. Kwa hiyo msikiti uwe na madaftari mawili, la zaka na la sadaka, na fedha zake zisichanganywe.