Deni la Jemadari Grant na Deni la Mark Twain

Wazee husema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Methali hii ni fupi, walakini imewashinda watu wengi wenye vyeo, kwa maana mkubwa ana njia nyingi za kulikwepa deni ambazo mdogo hana. Katika historia ya Marekani wako watu wawili waliopatwa na deni kubwa wakati walipokuwa wamekwisha kuwa mashuhuri ulimwenguni. Mmoja alikuwa askari, jina lake Ulysses S. Grant, wa pili alikuwa mwandishi wa vitabu, jina lake Mark Twain. Habari zao zimefungamana, na mtu atakaye kufahamu kwa nini Wamarekani huwahesabu hawa kuwa watu wakuu, na azitazame pamoja.

MUUZA KUNI

Grant alizaliwa mwaka 1822 katika jimbo la Ohio. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kutengenezea ngozi, kazi ambayo kijana hakuipenda kabisa. Alichopenda ni farasi. Alipelekwa katika chuo cha maofisa wa jeshi cha West Point, akamaliza mwaka 1843, kisha akapigana katika vita vya Mexico vya mwaka 1846 hadi 1848. Mwaka 1854 aliacha jeshi, akajaribu ukulima karibu na mji wa St. Louis katika jimbo la Missouri. Kilimo hakikumfaa. Mtu aliyekuwa kapteni wa jeshi akaonekana akiuza kuni katika barabara za mji, na siku mbili kabla ya Krismasi ya mwaka 1857 aliweka rehani saa yake ya dhahabu kwa dola 22.

Siku zile Missouri lilikuwa jimbo la utumwa, na Grant mwenyewe alikuwa na mtumwa mmoja, jina lake William Jones. Mtumwa mwanamume mwenye nguvu aliweza kuuzwa kwa mamia ya dola, na nyumba ya Grant ilikuwa na haja kubwa ya fedha. Hata hivyo mwezi wa Machi 1859 alikwenda mahakamani akamwandikia Jones hati ya uhuru wake, bila ya kudai hata senti moja. Tendo hili halifuti kosa la kummiliki binadamu mwenzake. Lakini laonyesha jambo moja: hakuna sheria iliyomlazimisha kumwacha huru mtu yule, na shida zake zote zilimvuta upande wa kumwuza.

USHINDI BILA MAJIVUNO

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, baada ya majimbo ya Kusini kujitenga ili kuulinda utumwa, Grant alikuwa akifanya kazi katika duka la ngozi la baba yake, katika mji wa Galena, jimbo la Illinois. Hakupita miaka mitatu ila alikuwa mkuu wa majeshi yote ya Serikali. Tarehe 9 Aprili 1865, katika kijiji cha Appomattox, jimbo la Virginia, Jemadari Robert E. Lee wa Kusini alisalimu amri mbele yake.

Masharti ya Grant yalikuwa mepesi. Maofisa walioshindwa waliruhusiwa kubaki na panga na bastola zao. Askari waliokuwa na farasi au nyumbu wao wenyewe waliruhusiwa kurudi nao makwao, wapate kulima mashamba. Jeshi la Lee lilikuwa na njaa, na Grant akaamuru lipelekewe chakula. Askari wa Serikali walipoanza kupiga mizinga ya furaha aliwakataza, kwa kuwa adui wa jana sasa walikuwa tena wananchi wenzao.

Alichaguliwa kuwa Rais, akatawala tangu mwaka 1869 hadi 1877. Wakati wake, mwaka 1870, katiba iliongezwa sheria ya kukataza mtu kunyimwa kura kwa ajili ya rangi yake, na mwaka uliofuata alitumia nguvu za Serikali kulivunja kundi la Ku Klux Klan lililokuwa likiwaua na kuwatisha watu weusi. Lakini baadhi ya maofisa na rafiki zake walionekana kuwa wala rushwa. Grant mwenyewe hakuwa mwizi. Aibu yake ilikuwa kwamba aliwaamini watu upesi, akawaacha kwa shida. Kosa hili ndilo lililomrudia uzeeni.

FEDHA ZAPOTEA

Alipotoka katika urais, Grant aliweka akiba yake katika kampuni ya Grant na Ward mjini New York. Mwanawe alikuwa mshirika katika kampuni hiyo, na mwendeshaji wake alikuwa kijana mmoja, Ferdinand Ward, mwenye maneno matamu. Ward alikuwa akiwalipa watu wa kwanza "faida" kwa kutumia fedha za watu waliokuja nyuma, na dhamana moja aliiweka kwa wakopeshaji wengi. Biashara ya namna hii husimama maadamu wageni waendelea kuingia. Wakipungua siku moja, yote huanguka.

Siku ya Jumapili, tarehe 4 Mei 1884, Ward alimwambia Grant kwamba benki moja ina shida ya muda mfupi tu, na kwamba dola 150,000 zingeiokoa kampuni. Grant alikwenda mwenyewe kwa William H. Vanderbilt, tajiri wa reli, naye akampa fedha hizo kwa kumheshimu. Siku ya Jumanne kampuni ilianguka. Nyumbani kwa Grant, yeye na mkewe Julia walipohesabu fedha walizokuwa nazo, zilikuwa kama dola 200 tu. Ward baadaye alihukumiwa kifungo.

Vanderbilt alikuwa tayari kulifuta deni lile. Grant na mkewe walikataa. Walimpa Vanderbilt hati za nyumba na mashamba, na pamoja nazo panga, nishani na zawadi ambazo Grant alizipata vitani na kwa wafalme wa nchi mbalimbali. Vitu hivyo baadaye vilipelekwa Washington kuwa mali ya taifa.

KUSHINDANA NA KIFO

Wakati wa kiangazi cha mwaka ule ule, Grant alikula tunda la pichi akasikia uchungu mkali kooni. Mwezi wa Oktoba madaktari walitambua kwamba ni kansa. Alikuwa amevuta sigara nene kwa miaka mingi. Katika siku zile Rais aliyeondoka hakupewa malipo ya uzeeni, na Grant alikuwa ameacha haki zake za jeshi alipoingia katika urais. Ilikuwa dhahiri kwamba akifa, Julia angebaki bila riziki.

Gazeti moja kubwa la New York lilikuwa limemwomba aandike habari za vita vyake kwa dola 500 kila makala. Makala ya kwanza ilikuwa kavu kama taarifa ya ofisini. Mhariri alimshauri asimulie kama anavyosimulia mezani kwa rafiki zake: alichokiona, alichokifikiri, alichokiogopa. Jemadari, mtu wa miaka 62, alikubali kufundishwa, akaiandika upya. Ndipo wenye gazeti wakataka kitabu kizima.

Hapa ndipo Mark Twain alipoingia. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Samuel Clemens. Alizaliwa Missouri mwaka 1835, na mwaka 1861 alikuwa amejiunga kwa majuma kama mawili tu na kikosi kidogo cha upande wa Kusini, kabla ya kukimbilia magharibi. Sasa alikuwa mwandishi mwenye sifa kubwa, tena mwenye kampuni ya kupiga chapa vitabu. Alipoona masharti aliyopewa Grant aliyaita madogo mno, akaahidi kumpa asilimia 70 ya faida yote. Grant hakufurahi upesi. Alisita, kwa kuwa wale wengine walikuwa wamemwendea kwanza, na hakutaka kuwavunjia uaminifu. Twain alimkumbusha kwamba yeye ndiye aliyemshauri aandike kumbukumbu zake, tangu mwaka 1881. Jambo hilo likamtuliza, na mkataba ukatiwa sahihi mwezi wa Februari 1885.

Tangu hapo yalikuwa mashindano baina ya kalamu na ugonjwa. Kwanza alisema maneno na karani akaandika. Sauti ilipokatika, akaandika kwa mkono wake mwenyewe, amejifunika shuka na kofia ya sufi kichwani. Kumeza maji kulikuwa mateso. Mwezi wa Juni alipelekwa katika nyumba moja juu ya mlima wa McGregor, kaskazini ya mji wa New York. Huko alitembelewa na Simon Buckner, jemadari wa Kusini aliyesalimu amri mbele yake mwaka 1862, na ambaye zamani, mwaka 1854, alimsaidia Grant alipokwama New York bila fedha. Grant, asiyeweza tena kusema, aliongea naye kwa kuandika katika vipande vya karatasi.

Kazi ilikwisha katikati ya Julai. Tarehe 23 Julai 1885, siku chache tu baadaye, Grant alifariki. Miongoni mwa waliolisindikiza jeneza lake alikuwamo Buckner, pamoja na majemadari wa pande zote mbili za vita.

Kitabu kilitoka katika majuzuu mawili, kurasa zaidi ya 1,200. Wauzaji, wengi wao askari wa zamani, walipita nyumba kwa nyumba, na zaidi ya jozi 300,000 ziliuzwa. Mwezi wa Februari 1886 Julia alipokea hundi ya dola 200,000, na nyingine zikafuata. Wajuzi wa fasihi wamekiweka kitabu hiki miongoni mwa vitabu bora vya Marekani. Lugha yake ni nyepesi, wala haina majivuno. Mwandishi hakuficha makosa yake: alikiri kwamba alijuta daima kuamuru shambulio la mwisho la Cold Harbor la Juni 1864, ambalo liliwaua watu wengi bila faida.

ZAMU YA MARK TWAIN

Miaka haikuwa mingi, msaidizi naye akahitaji msaada. Twain alikuwa ametumia mali nyingi katika mashine mpya ya kupanga herufi za chapa, mashine ambayo haikukoma kuharibika. Mwezi wa Aprili 1894 kampuni yake ya vitabu ilifilisika. Kwa desturi ya biashara, mtu aliyefilisika aliweza kupatana na wadai wake wapokee sehemu tu ya haki yao, na mambo yakaishia hapo. Mkewe Olivia alishikilia kwamba kila mdai alipwe haki yake yote, na Twain akaapa kufanya hivyo.

Mwezi wa Julai 1895, akiwa na umri wa miaka 59 na afya yake ikiwa dhaifu, alianza safari ya kuzunguka ulimwengu, akihutubia watu kwa kiingilio. Alipita Australia, New Zealand, Ceylon na Bara Hindi, akaivuka Bahari ya Hindi hadi Mauritius, kisha akafika Afrika ya Kusini. Safari ilipokwisha, mwezi wa Agosti 1896, binti yake Susy, aliyebaki Marekani, alikufa kwa ugonjwa wa uti wa mgongo na ubongo. Twain alikuwa Uingereza, hakumwona tena. Katika msiba huo aliendelea kuandika kitabu cha safari yake, na mwaka 1898 mdai wa mwisho alilipwa.

MAANA YA UKUU

Watu hawa wawili walikuwa na kasoro, na kasoro zao zimeandikwa. Mmoja aliwaamini wadanganyifu. Wa pili aliidanganya nafsi yake kwa tamaa ya mashine ya kumtajirisha. Majina yao hayakuwaokoa na hasara. Lakini Vanderbilt alikuwa tayari kusamehe, na Grant hakutaka kusamehewa; wadai wangaliweza kupewa nusu, na Twain hakutaka kulipa nusu. Ushindi wa Appomattox ulikuwa na jeshi kubwa nyuma yake. Pale mlimani hapakuwa na jeshi, ila mgonjwa, kalamu, na ahadi aliyokuwa amemwekea mkewe. Muungwana ni vitendo, na vitendo hivyo hupimwa vizuri zaidi siku ile mtu anapoweza kuviacha bila ya mtu yeyote kumlaumu.