Bobini moja kati ya nne

Probox ya Kizuka iliyopakia mawese inaweza kuteleza vizuri kwenye barabara ya ziwani, injini kimya. Ikiacha ziwa na kuanza kupanda kuelekea Bururi, inatetemeka, nguvu zinaisha, taa ya injini inawaka. Dereva akirudi Rumonge anaambiwa bobini zimekufa, anunue zote nne. Mara nyingi iliyokufa ni moja tu, na kuna kitu kilichoiua.

Bobini, ambayo Watanzania huiita koili, huchukua volti 12 za betri na kuzikuza hadi 20,000 na zaidi, ili cheche iruke kwenye buji. Mlimani hewa na petroli hubanwa kwa nguvu zaidi ndani ya silinda, na cheche hudai volti nyingi zaidi kuvuka pengo lile lile. Ndiyo maana bobini iliyochoka humudu tambarare ikashindwa kilima. Umri nao una lake: plastiki inayofunika nyaya za ndani ikipashwa joto na kupoa kwa miaka 20 hupata nyufa, na umeme hupenya humo badala ya kufika kwenye buji.

Kabla ya kutoa hata faranga moja, hamisha. Kama mashine ya fundi inaonyesha P0302, silinda ya pili ndiyo inayokosa moto. Zima injini, badilisha bobini ya pili na ya tatu, kisha endesha gari mpaka lipate moto. Namba ikigeuka P0303, bobini ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, tafuta kwenye buji, kwenye bomba la kunyunyizia petroli, au kwenye petroli yenyewe. Ile ya vidumu tunayonunua wakati wa uhaba imezisingizia bobini nyingi. Kuichomoa bobini kwenye buji injini ikiwa inanguruma ni desturi ninayoichukia: huweza kumpiga fundi shoti na kuiua bobini iliyokuwa nzima.

Halafu chungulia shimo ilimotoka. Ukikuta oili, mpira wa kifuniko cha juu cha injini umekwisha, na bobini mpya nayo haitadumu. Toa buji uikague. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye Probox nyingi za lita 1.5, hutumia buji zenye pengo la milimita 1.1. Pengo likilika na kupanuka, bobini inalazimika kusukuma umeme kupita uwezo wake kila mara. Buji badilisha zote nne. Hapo sibishani na fundi.

Sasa dukani, iwe Rumonge au Buyenzi kule Bujumbura. Nenda na bobini ya zamani mkononi. Ya 1NZ-FE mara nyingi huandikwa 90919-02240 na ina pini nne, kwa sababu kifaa cha kukata na kuwasha umeme kimo ndani yake. Kwa hiyo kuipima kwa mita ya omu peke yake hakutoshi kukuambia kama ni nzima. Boksi zuri lisikudanganye, boksi huchapishwa popote. Linganisha uzito, maandishi, ulaini wa plastiki, na jinsi plagi ya waya inavyoingia na kushika. Binafsi, kati ya bobini mpya isiyo na jina na Denso iliyotolewa kwenye gari la Japani, nachukua Denso, ilimradi muuzaji akubali niifunge, nipande nayo kilima, na niirudishe ikikosa. Asiyekubali, muage.

Kama bobini imepona na kilichokufa ni mpira wake wa chini, utaona mstari mweusi umeshuka kwenye kaure ya buji. Mara nyingi mpira huo huuzwa peke yake, kwa bei ndogo sana.

Ukipata Denso mbili nzima, funga moja. Ya pili izungushie nailoni, uiweke chini ya kiti pamoja na spana ya 10.