Seva ya Hospitali Inapojaa: Kupima Kabla ya Kufuta

Diski ya seva ya hospitali inapojaa, majibu ya maabara na picha mpya za wagonjwa hukosa mahali pa kuhifadhiwa. Hata hivyo, kukimbilia kufuta faili kubwa ni hatari, kwa kuwa ukubwa si dalili ya kutohitajika. Kipande kimoja cha picha ya CT chenye nukta 512 kwa 512 huchukua takriban nusu megabaiti. Uchunguzi wa vipande 1,000 hufikia megabaiti 500.

Kama ilivyo kwa mgonjwa, uchunguzi hutangulia tiba. Katika mfumo wa Linux, amri df -h huonyesha sehemu ya diski iliyojaa. Kisha amri du -xh --max-depth=1, ikifuatiwa na jina la folda, hupima kila folda iliyomo. Msimamizi huifuata iliyo kubwa zaidi, ngazi kwa ngazi, hadi kwenye chanzo. Mara nyingi chanzo huwa ni kumbukumbu za matukio ya mfumo au nakala rudufu za hifadhidata zilizorundikana.

Iwapo jumla ya du ni ndogo sana kuliko ya df, huenda ipo faili iliyofutwa ambayo programu fulani bado inaishikilia. Amri lsof +L1 huitaja, na nafasi hurudi programu hiyo inapozimwa na kuwashwa upya.

Rekodi ya mgonjwa isifutwe kabla ya kuthibitishwa kwamba nakala yake kwingineko inafunguka. Nafasi ya diski hununuliwa. Picha ya uvimbe ya mwaka jana haipigwi tena.