Kuzamia na Kuibuka: Wazamiaji wa Meli Andrea Doria

1. Utangulizi

Kiswahili kina vitenzi vinne vinavyokaa jirani: kuzama, kuzamia, kuopoa na kuibuka. Chombo kisichoweza tena kuelea huzama. Mtu anayekifuata chini kwa kusudi hukizamia. Kitu anachokitoa majini amekiopoa. Naye akirudi juu ameibuka. Makala haya yanaeleza kazi ya kuzamia meli ya Kiitalia Andrea Doria, kazi inayowafaa wazamiaji wenye uzoefu mkubwa tu. Itaonyeshwa kwamba ugumu wake haumo sana katika kuzamia, bali katika kuibuka.

2. Meli yenyewe

Andrea Doria iliundwa Genoa, ikaanza kusafirisha abiria kati ya Italia na New York mwaka 1953. Usiku wa tarehe 25 Julai 1956, katika ukungu uliotanda kusini ya kisiwa cha Nantucket, Marekani, iligongwa ubavu wa kulia na Stockholm, meli ya Uswidi. Ilizama kesho yake asubuhi, baada ya muda wa saa 11 hivi. Watu 51 walikufa katika meli zote mbili. 1,660 waliokolewa na vyombo vilivyokuja kusaidia, ikiwamo meli ya Kifaransa Île de France. Tangu hapo Andrea Doria imelalia ubavu ule ule uliopasuka, kwenye kina cha mita 75 hivi.

3. Kina na mwili wa binadamu

Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui kina chake. Hapa kina kimekwisha kupimwa, lakini namna kitakavyomtenda mtu ni jambo jingine. Juu ya maji mwili hulemewa na hewa peke yake. Kila mita 10 za maji huongeza mzigo ulio sawa na huo. Hivyo kwenye mita 75 kanieneo hufikia mara 8.5 ya ile ya juu. Matokeo yake ni matatu.

Kwanza, kila pumzi hula hewa mara 8.5 zaidi: mtungi ambao juu ungemtosha mtu kwa dakika 60, huko chini humwishia kwa dakika 7. Pili, nitrojeni iliyomo hewani hulevya, na mlevi huyo hajijui. Oksijeni nayo hugeuka sumu, ikaweza kuleta degedege. Ndiyo sababu wengi hupumua mchanganyiko uliotiwa heliamu, ambayo hailevyi hivyo. Tatu, gesi huyeyuka ndani ya damu na nyama. Mzamiaji akipanda upesi, gesi hiyo hutoka kwa mapovu, mithili ya soda iliyofunguliwa ghafula, na mapovu hayo huweza kupoozesha au kuua. Kwa hiyo dakika 20 za kukaa chini hudai zaidi ya saa nzima ya kupanda kituo kwa kituo.

4. Kishawishi cha kuopoa

Ndani ya meli iliyolala ubavu, sakafu imekuwa ukuta. Tope likitibuliwa huficha mlango. Waya na nyavu za wavuvi hunasa mitungi. Hata hivyo wazamiaji wameingia kutafuta vikombe na sahani za daraja la kwanza, na kengele ya tezi iliopolewa mwaka 1985. Kasha la fedha lililoopolewa mwaka 1981 lilipofunguliwa mwaka 1984 lilikutwa na noti. Zaidi ya wazamiaji 15 wamefia mahali hapo, wakiwamo wazoefu. Mara nyingi kosa moja huzaa la pili: achelewaye ndani hupungukiwa na hewa ya vituo, na apungukiwaye hulazimika kupanda upesi. Tena meli inaendelea kuporomoka, hata njia iliyojulikana mwaka mmoja huweza kuzibika mwaka wa pili.

5. Hitimisho

Basi, uzoefu haupimwi kwa kina alichofika mtu. Wanaoingia ndani ya meli zilizozama hufuata kanuni ya mafungu matatu: theluthi moja ya hewa ni ya kwendea, theluthi ya pili ni ya kurudia, na ya tatu huwekwa kwa ajili ya ajali, yake au ya mwenzake. Theluthi ya kwanza ikiisha, mzoefu hugeuka, hata kama sahani aliyoifuata anaiona mbele yake.