Anachovuna Msimamizi wa Wanafunzi wa Tiba kwa Vitendo

Shirikisho la Dunia la Watoa Tiba kwa Vitendo, lililoundwa mwaka 1952, linataka kila mwanafunzi wa fani hii atimize saa zisizopungua 1,000 za mafunzo kazini chini ya msimamizi. Saa hizo hazipatikani darasani. Zinatoka kwa mtaalamu ambaye tayari ana foleni mlangoni, ndiyo maana barua ya chuo ikifika hospitalini wengi huguna.

Wana haki ya kuguna. Wiki za mwanzo mgeni huchelewesha kazi, tathmini ya nusu saa ikala saa nzima. Ila katika kuchelewa huko ndiko faida inakoanzia.

Chukua mgonjwa wa kiharusi anayejifunza upya kuvaa shati. Msimamizi mzoefu hutanguliza mkono uliopooza bila hata kufikiri. Mwanafunzi anauliza: kwa nini usiwe ule mzima? Sasa inabidi jibu litamkwe. Mkono usio na nguvu hauwezi kujipinda kuifuata nguo iliyokwisha kubana mwili, hivyo hutangulizwa shati likiwa bado limelegea; mzima utajitafutia njia. Wakati wa kuvua, mpango unageuka. Mke wa mgonjwa, aliyeketi pembeni, naye amesikia. Msimamizi angekuwa peke yake, pengine angeonyesha tu na kuhamia kitanda cha pili, na mama huyu ndiye atakayemsaidia mumewe kuvaa huko nyumbani.

Mwanafunzi pia huja na muda. Kiti cha mtoto mwenye utindio wa ubongo kinaweza kutengenezwa kwa maboksi na karatasi kuukuu zilizogandishwa kwa gundi ya unga. Malighafi ni rahisi, lakini kupima nyonga, kubandika tabaka juu ya tabaka na kusubiri zikauke ni kazi ya siku kadhaa. Mtaalamu mwenye kliniki iliyojaa hana siku hizo.

Kwa maoni yangu, wanafunzi wawili ni bora kuliko mmoja. Huulizana wao kwanza, na maswali yanayomfikia msimamizi huwa yamechujwa. Hospitali nayo, ikitaka kuajiri, inakuwa imeshamwona mtu akiongea na mgonjwa mkali saa nane mchana, jambo ambalo usaili hauonyeshi. Mradi tu wakuu wampunguzie msimamizi wagonjwa wiki ya kwanza, na chuo kitume malengo ya mafunzo kabla wanafunzi hawajafika.